Kikaragosi Aliyeitwa Gidion

Kilianza kikohozi. Mniko, mtafsiri wa filamu kwa kipaza sauti katika banda la video pale Turwa, hakukohoa yeye, lakini kikohozi kilitoka kwenye spika yake.

Mchana ule banda lilijaa wachimba dhahabu. Filamu ilitokana na kile kipindi cha vikaragosi cha watoto cha zamani, ambacho Mniko alipokuwa mdogo alikichungulia dirishani kwa jirani mwenye televisheni. Kikaragosi mkuu alikuwa na chongo. Basi Mniko, kwa mdomo wake usio na breki, akambatiza Gidion, jina la mchimbaji mwenye chongo aliyefukiwa shimoni. Maiti haikupatikana, na hakuacha mtoto. Tena Mniko alivaa soksi mkononi kama kikaragosi, akawa anaichezesha huku akiiga sauti ya marehemu iliyokwaruza. Wiki nzima filamu ilirudiwa, na watu walicheka hadi machozi. Loo, kumcheka maiti!

Kikohozi kikarudi, na harufu ya udongo mbichi ikajaa banda.

"Mniko, zima," alinong'ona Felista, mkewe, aliyekuwa akipokea viingilio mlangoni. Alikuwa mja mzito, na baada ya mimba mbili kuharibika, Mniko hakuwa na ombi jingine kwa Mungu ila tumbo lile.

Akazima. Picha ikapotea, sauti ikabaki, ile iliyokwaruza ya marehemu.

"Umeniita kila siku. Soksi haina damu, Mniko. Nataka mtoto."

Mkono wenye soksi ukainuka wenyewe, ukamkaba koo mchimbaji wa benchi la mbele, ukambana mpaka jicho likamtoka na shingo ikalia ka!, na watu wakakanyagana mlangoni, meno yakivunjikia kwenye mabenchi, huku Mniko akilia na kuomba radhi, akiburutwa na mkono wake mwenyewe juu ya migongo ya walioanguka hadi kwa Felista, ambaye ulimtupa chini, ukampapasa tumbo polepole kama daktari, kisha ukazamisha kucha.

"Niue mimi!" Mniko alipiga kelele.

"Wewe una jina lako tayari."

Waisiko, mama yake Mniko, mganga wa mizizi, alisikia mayowe akaja mbio na panga.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimempa kikaragosi jina la Gidion, mama."

"Yesu wangu! Jina la mfu hupewa mtoto, kwa heshima!"

"Atamuua mke wangu! Kata mkono, mama, kata!"

Mama alifumba macho, akakata. Panga likakwama mfupani. Akalichomoa, akakata tena. Mkono ukaruka sakafuni ndani ya soksi, vidole vikitambaa kurudi kwa Felista, mpaka Waisiko akauchoma kwa ncha ya panga na kuutumbukiza kwenye mafuta ya moto ya muuza chipsi aliyekuwa nje. Ukapiga ukelele wa mtu mzima, ukakauka.

"Amekwenda," alisema, akimfunga mwanawe kidonda kwa kanga.

Mniko akatambaa kwenye damu yake, akaweka shavu juu ya tumbo la mkewe. Mtoto akapiga teke. Mzima! Akacheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa sauti, na Felista akamshika kichwa.

Ndipo ndani ya tumbo sauti ya mwanamume, iliyokwaruza, ikasema kwa upole:

"Pole, baba. Kidonda kinauma?"