Amekuja Kumchukua Mkaa

Jua lilikuwa linazama, nami nafunga kibanda changu cha mkaa. Siku hiyo nilikuwa na maringo. Mume wangu, mchoma mkaa, alikuwa ameangusha mti mmoja wa zamani, mgumu hata shoka lilikuwa likidunda. Mti mwepesi hutoa mkaa mwepesi: unarusha cheche, unakuwa majivu maharage hayajaiva. Huu ulikuwa mzito. Ukigonganisha vipande viwili, vinalia kama kengele.

Mama mmoja akasimama mlangoni. Sikumsikia akija. Alinuka majani mabichi...

"Nimekuja kumchukua mkaa," alisema kwa sauti ya chini.

Fundi viatu, jirani yangu, akacheka. Nami mdomo wangu hauna breki. Nikamkosoa mbele ya watu.

"Kuuchukua, mama. Mkaa si mtu."

"Yuko gunia gani?"

"Uko, mama. Uko."

Tukacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Akapiga magoti mbele ya gunia la mkaa wa mti ule, akagonganisha vipande viwili, akatega sikio.

Havikulia.

Vilikohoa...

Kikohozi chembamba, cha mtoto aliyepaliwa na moshi. Fundi viatu akaokota kiti chake akaondoka bila kuaga.

Mume wangu alikuwa nyuma ya kibanda anashona magunia. Akatoka, uso umempauka.

"Mama watoto," akaninong'oneza, "tanuri lilikuwa linakohoa hivyohivyo. Nikadhani ni ubichi wa mti. Nikaziba matundu kwa udongo."

Ndipo nikaelewa. Anayekaa mahali, naye ni mkaa wa hapo. Mama yule alikuwa anasema Kiswahili safi kuliko mimi, na tulichokuwa tunacheka ni msiba wake. Nani alikuwa anakaa ndani ya mti ule, na tangu lini, sijui mpaka leo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Chukua gunia lote, mama," nilisema. "Utusamehe."

Akalikumbatia kifuani, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Hakufika mbali. Akasimama.

"Hajatimia," alisema. "Kuna sehemu yake imebaki."

Nilijua ilipo. Mchana nilikuwa nimeupikia mkaa ule, na majivu yake nilikuwa nimetoka kuyasugulia sufuria. Niliona haya kusema. Nikaficha mikono mgongoni.

"Wote ni huo," nikamdanganya.

Akarudi. Akaweka gunia chini, akaivuta mikono yangu taratibu, kijivu mpaka kwenye viwiko. Akaibusu, kidole baada ya kidole.

"Kwaheri, mwanangu," alinong'ona.

Hakuwa ananiambia mimi.

Nimenawa mara nyingi tangu siku ile. Kila ninapomimina maji naona haya, kama namfukuza mtoto wa watu nyumbani.