Pete Iliyomegwa

"Shati limekauka?"

"Limekauka."

"Lianue kabla ya giza."

Simu ya mkuu wake ikakatika. Delfina Ybarra akakanyaga mafuta, Toyota Tacoma ikaruka mashimo ya barabara ya vumbi kusini mwa Tucson. Kitini pembeni yake palikuwa na bastola ya Glock, chupa ya maji na picha moja.

Picha ya nyumba.

Ndani ya nyumba hiyo alifichwa Marisol Quihuis, shahidi ambaye kesho angewataja mahakamani wasafirishaji wa silaha. Delfina, mlinzi wa mashahidi, ndiye aliyempeleka pale. Ndiye aliyemwambia, "Hapa lala usingizi."

Picha ilinaswa ikiwa njiani kwenda kwa wauaji. Upande wa wauaji, nyumba iko wapi alijua mpiga picha peke yake, na alikuwa amejificha kambini kwa wapiga picha wa nyota za angani. Kambi ikivamiwa, angebonyeza simu na ramani ingeondoka.

Alama ilikuwa moja. Kwenye kona ya juu kushoto ya picha kulikuwa na kivuli hafifu cha pete iliyomegwa upande. Vumbi. Likituama mbele ya kihisi cha kamera, huacha kivuli palepale katika kila picha.

Alifika kambini jua likigusa vilima, Glock ameificha ndani ya buti. Darubini nne. Watu walikuwa wakizivisha fulana nyeupe midomoni na kuzielekeza juu, kama kawaida yao kila machweo: anga tupu hupigwa picha ili kamera ioneshe wapi inafifisha mwanga na wapi ina vumbi, kisha picha za usiku zisawazishwe.

"Karibu, mwanangu!" aliita Bi Odessa Pruitt, mwalimu mstaafu, mdomo umejaa tamale ya mahindi. "Umekuja kujifunza au kutukanyagia nyaya?"

"Kujifunza, mama."

"Basi tazama upesi. Mwanga huu haumngoji mtu."

Delfina alitazama skrini. Weupe, kingo zimefifia kidogo. Hakuna pete.

Akaenda ya pili. Madoa mawili, yote katikati.

Ya tatu. Safi.

Anga lilikuwa linageuka zambarau.

Darubini ya nne ilikuwa ya Wendell Stroud, mwanamume mpole mwenye kofia ya majani. Celestron kubwa, kamera ghali. Fulana hakuna.

"Wewe huvishi, kaka?" Delfina aliuliza.

"Kamera mpya hii. Haina haja."

Bi Odessa akacheka hadi akapaliwa. "Mpya! Hata bibi harusi hunawa uso, Wendell! Usiku wa tatu huu hupigi anga tupu. Hizo nyota zako unazisafisha kwa mate?"

Wengine wakageuka. Wendell akatabasamu bila kuonesha meno.

Delfina akavua fulana yake nyeupe, akabaki na kizibao cheusi. Akainyoosha kwenye mdomo wa darubini, taratibu, bila mkunjo hata mmoja.

"Niazime kamera yako nijifunzie," alisema. Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza.

Skrini ikajaa weupe.

Kona ya juu kushoto: pete. Imemegwa upande.

Wendell aliiona. Akamwona Delfina akiiona.

Mkono wa Wendell haukutafuta silaha. Ulikwenda kwenye simu.

Delfina akafyatua kibano cha darubini. Bomba zito likapinduka na kumgonga kifundo cha mkono. Simu ikaruka mchangani. Buti la Delfina likatua juu yake. Glock ikachomolewa butini, ikatua shingoni mwa Wendell.

"Pole pole, kaka. Utatimua vumbi."

Alimfunga pingu, akapiga simu.

"Shati nimeanua. Mgeni wetu?"

"Anakula. Analalamika maharage hayana chumvi."

Delfina akakata simu. Akabonyeza ufunguo, taa za gari zikawaka mara mbili: ishara. Wenzake waliokuwa wamejificha chini wakapanda kilima kumchukua Wendell, wawili wakabaki njiani kuwangoja wanunuzi wa ile picha.

Akaitoa fulana kwenye darubini, akaikung'uta, akaivaa.

"We mtoto!" Bi Odessa alimfokea. "Umepiga moja tu. Hupigwa ishirini, ndiyo kamera isawazike!"

"Moja imetosha, mama," alisema Delfina, akielekea kwenye gari, akiruka nyaya bila kukanyaga hata mmoja.