Kamba Mbili za Mtumbwi Mmoja

Kila asubuhi kabla ya shule, Maulida na Najat walivuta mtumbwi wa marehemu baba yao hadi mchangani, huku Mihayo, aliyewavulia, akiwahisha samaki sokoni. Baba alikuwa na wake wawili, akaacha mtumbwi mmoja. Kila nyumba ilifunga kamba yake. Maulida alivutia upande wa kwao, Najat upande wa kwao, na hawakusogeleana.

Siku hiyo upepo ulitoka ziwani na mawimbi yalikuwa makubwa.

"Sogea huku," Maulida alisema.

"Sogea wewe. Au ugali wa kwenu hauna nguvu?"

Walivuta mpaka viganja vikachubuka. Mtumbwi ulipanda kidogo, ukarudi. Wimbi likaunyanyua na kuubamiza kwenye jiwe. Ubao ukalia, ukapasuka.

Fundi Rahim, mtengeneza mitumbwi, alitoka bandani mbio. Akawashika mabega, akawasogeza hadi zikabaki hatua chache kati yao. "Vuteni." Mtumbwi ukapanda, maji yakichuruzika kwenye ufa.

"Fundi, mbona mwanzo tulivuta kwa nguvu zote?" Maulida aliuliza.

Rahim alichora miraba mchangani kwa kijiti. "Tuseme kila mmoja ana nguvu kumi. Wewe ulivuta mshazari. Hiyo ni sawa na sita kwenda mbele na nane kwenda kushoto. Mwenzako sita mbele, nane kulia. Nane kwa nane zikauana. Mbele zimebaki ngapi?"

"Kumi na mbili," Najat alijibu.

"Kati ya ishirini. Mtumbwi huu unataka kama kumi na tano. Mlipokaribiana, kila mmoja alipeleka nane mbele, sita tu pembeni."

"Kumi na sita," Maulida alisema polepole.

Rahim alipitisha kidole kwenye ufa. "Ubao nitaubadilisha. Ila wiki mbili hakuna kuvua. Nyumba zote mbili."

"Mama atasema kosa ni lao," Najat alinong'ona.

"Na mama yake Maulida atasema ni lenu. Hamkuwa wavivu, wanangu. Tazameni viganja vyenu. Mmejitesa sawasawa, lakini nguvu nyingi mmezimaliza kuvutana wenyewe. Jasho la namna hiyo halimlishi mtu."

Akawapa kijiti alichochorea.

"Leo jioni waiteni mama zenu wote wawili, muwachoree hesabu hii. Mimi nimewaambia kwa maneno tangu msiba wa baba yenu kwamba wavute pamoja, hawakunisikia."