Maneno Sita ya Mti

Kila asubuhi namwagilia miche kabla jua halijawa kali. Kitalu changu kipo Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Nina miche ya miembe, miparachichi na mikaratusi. Nimefanya kazi hii miaka ishirini. Mche ukiugua, naujua kwa kuutazama tu. Lakini shule niliacha darasa la tano. Kiingereza sikuwahi kukijua.

Mwaka huu ukaja mradi wa kupanda miti kando ya ziwa. Walitaka msimamizi wa kitalu kikubwa, mwenye mshahara wa kila mwezi. Mtaalamu wao ni mama mmoja kutoka Zambia, anaitwa Precious. Hajui Kiswahili. Msimamizi lazima aelewane naye kwa Kiingereza kuhusu mti na sehemu zake.

"Kazi hiyo ni yako, baba Winnie," mke wangu Rebeka akaniambia. "Nani hapa Igoma anakushinda kwa miche?"

Binti yetu Winnie yuko kidato cha pili. Aliniandikia maneno thelathini kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Kwa wiki mbili nilikariri kutoka juu hadi chini. Root ni mzizi. Stem ni shina. Bark ni gome. Branch ni tawi. Leaf ni jani. Bud ni chipukizi. Nikaenda hivyo hadi neno la thelathini, bila kukosea hata moja.

Siku ya usaili Precious alishika tawi la mwembe. Akaniuliza hiki ni nini.

Neno halikuja. Ilibidi nianzie juu, kimoyomoyo: root, stem, bark... Midomo ilikuwa inacheza. Yule mama akainamisha kichwa, akasubiri kwa heshima.

"Mzee Shigela," akasema Machibya, karani wa mradi, "mama anadhani unasali. Bado hujafika amina?"

Watu wakacheka. Precious akagusa jani. Nikaanza tena na root.

"Rudi Jumatatu," Machibya akasema mwishowe. "Ukishindwa tena, tunachukua mwingine."

Nilifika nyumbani nimefura. Nikaichana ile karatasi. "Kiingereza cha nini?" nikafoka. "Kwani miti ya hapa inaota kwa Kiingereza?"

Jirani yetu Kokulinda alinisikia, akaja. Yeye ni Mhaya, anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki kule Nyakato.

"Ninyi Wasukuma mkishindwa mnaigombeza karatasi," akasema.

"Na ninyi Wahaya hata chafya mnapiga kwa Kiingereza. Niache, mama Osward."

"Sikuzaliwa nacho," akajibu. "Nilijifunzia kwenye meza ya kukatia sangara. Mkaguzi akisema skin, mkono wangu uko kwenye ngozi. Akisema bone, kisu changu kiko kwenye mfupa. Wewe umekariri foleni. Ukitaka neno la tano, lazima uwapitie wanne waliosimama mbele yake."

Hapo alinikamata.

Aligeuza ndoo, akaketi. "Leta mche wenye matawi. Leo maneno sita tu, siyo thelathini. Winnie, mtajie bila kufuata mpangilio. Wewe gusa, halafu sema."

"Leaf," Winnie akaanza.

"Nina miaka arobaini na minane," nikasema, "naambiwa nishike jani kama mtoto wa chekechea!"

"Umeshika tawi," Rebeka akasema. "Jani ni hilo la pembeni."

Walicheka wote watatu. Mimi sikucheka. Winnie akataja bud, nikagusa gome. Akataja root, nikagusa shina.

"Huo mti umeupanda kichwa chini," Kokulinda akasema. "Rudia."

Nilirudia mpaka giza likaingia. Kesho yake akaniambia niyapeleke maneno kazini. Nikipogoa tawi, niseme branch. Nikifukia mzizi, niseme root. Jioni zamu ikageuka, mimi nikawa namtajia Winnie naye anagusa. Mteja mmoja alimuuliza Rebeka kama nina homa. Sikujali. Kufika Jumamosi, leaf ilikuwa inakuja yenyewe, haingoji mtu mbele yake. Winnie akaniongezea maneno machache ya kazi. Cut ni kata. Good ni nzuri. Bad ni mbaya. All ni yote.

Jumatatu Precious aliweka mbele yangu mche uliokaa kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea, muda mrefu mno. Akagusa tawi. "Branch," nikasema. Akagusa gome. "Bark." Nikasema papo hapo.

Kisha nikaichana ile nailoni ya kiriba. Mizizi miwili ya chini ilikuwa imejizungusha kama kamba. Mche wa hivyo ukiupanda bila kuikata, mizizi hiyo huja kuunyonga mti.

"Root," nikasema. "Bad."

Precious akanipa kisu. Akapitisha kidole juu ya mizizi yote, mibaya na mizuri. "Cut all?" akauliza.

"No!" nikasema kwa sauti, bila kufikiri. Nikashika ile miwili. "Bad root, cut." Nikaikata. Nikaonyesha iliyobaki, iliyonyooka. "Good root. No cut."

Alinitazama, kisha akamwambia Machibya maneno mengi kwa Kiingereza. Sikuelewa hata nusu. Nikajua nimeharibu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema wawili waliokuja kabla yako wana Kiingereza kizuri sana," Machibya akajibu. "Na wote wawili waliikata yote."

Siku hiyohiyo nilikabidhiwa ufunguo wa kitalu pamoja na wafanyakazi wanne wa kuwasimamia. Miche elfu sita ilikuwa haijapata maji tangu jana. Nikawaambia wachukue ndoo.