Mchukuzi wa Barua ya Mtondooni

Zama zile Wazungu walikuwa bado wanagombea pwani ya kusini, na kabla ya kuleta gavana walileta posta. Katika bandari ndogo ya Mtondooni posta hiyo ilikuwa chumba kimoja cha mawe kando ya forodha, chenye meza, mizani, lakiri nyekundu na muhuri wa chuma. Mzungu aliyeletwa kuisimamia alishikwa na homa akarudishwa kwao, na kazi yote ikabaki mikononi mwa karani wake, Saburi bin Mwinyimbegu.

Saburi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kilemba safi siku zote na majivuno kidogo. Majivuno hayo hayakuwa ya bure. Kwa hati za Kiarabu hakuna aliyeandika vizuri kuliko yeye, na wafanyabiashara wa pembe na sandarusi, hata wale waliojua kusoma, walimwendea awaandikie. Barua yake ilianza kwa kumtaja Mungu, ikamsifu mwandikiwa mpaka akaona haya, ikasema sisi sote tu wazima wa afya, ndipo ikaigusa shida kwa mbali, kama mgeni anayekohoa uani kabla ya kubisha hodi. Jambo zito halikuandikwa. Mwishoni alitia maneno yaliyotiwa na waandishi wote wa pwani, kwamba mengine utayapata kwa mchukuzi. Tangu enzi za mababu barua ilikwenda na mtu, na mtu huyo ndiye aliyebeba habari yenyewe kinywani.

Mwaka huo Chingwalu, mtawala wa nchi ya bara iliyo nyuma ya Mtondooni, aliteremka na jeshi lake. Alidai kwamba misafara ya mji ilipita kwake bila kulipa hongo, ule ushuru wa njia, na kwa kweli ilikuwa imepita. Watu wake walivaa kaniki, wakashika mikuki na magobori, bunduki za zamani za kushindilia, wakakata minazi ya nje na kuuzingira ukuta pande zote tatu za nchi kavu. Upande wa nne ulikuwa bahari, lakini kwenye mlango wa ghuba kuna rasi mbili, na huko nako wakaweka wapiga bunduki. Kila mashua iliyojaribu kutoka ilirudi na maiti.

Ilibaki njia moja tu. Meli ya posta ilishuka kusini kwa njia ya mbali baharini, na kila mwezi ilipita hapo ikirudi kaskazini, na ilisimama nje ya miamba ikiiona bendera ya posta mlingotini. Ilipokuwapo, watu wa rasini walijificha kwa kuiogopa mizinga yake. Meli yenyewe ilikuwa na mzinga mmoja, wa kupigia salamu, lakini hakuna aliyeona haja ya kuwaarifu.

Mkuu wa mji, Jumbe Mwinyikambi, mzee aliyevaa joho hata vitani, akamwita Saburi amwandikie Liwali wa Funguni, bandari kubwa ya kaskazini, aliyekuwa na askari wa kutosha. Saburi alichonga kalamu mpya ya mwanzi. Aliandika barua iliyomliza Jumbe kwa uzuri wake. Humo Liwali alikuwa bahari ya ukarimu na kivuli cha wanyonge, watu wa Mtondooni walikuwa katika hali njema, na huko bara kumetokea jambo dogo linalohitaji nadhari yake tukufu. Mengine, alimalizia, utayapata kwa mchukuzi. Akaibandika stempu, akaufunga mfuko kwa lakiri, akapandisha bendera, na meli iliposimama akapiga makasia mwenyewe hadi ubavuni mwake. Mfuko ulivutwa juu kwa kamba. Akarudi mjini akiwaambia watu kwamba msaada umeitwa.

Mji ukangoja. Watu walikula mchele wa akiba, kisha mtama uliowekwa kwa mbegu. Visima vitamu vilikuwa nje ya ukuta, basi wakanywa maji ya chumvichumvi na watoto wakaharisha. Kila Chingwalu alipojaribu lango la kaskazini alirudishwa, ila kila mara kwa baruti iliyozidi kupungua. Mama yake Saburi alikuwa miongoni mwa wagonjwa waliolazwa msikitini, kwa kuwa msikiti ndio uliokuwa na kuta nene. Saburi alipita kila asubuhi kumwangalia, kisha akaenda posta, akafungua mlango, akaketi mezani. Hakukuwa na kazi ya kufanya, lakini hakujua pengine pa kukaa.

Mwezi wa pili meli ikatokea tena. Ilikuwa peke yake, na sitaha yake haikuwa na askari. Saburi akaiendea kwa mashua akiwa na mpiga makasia mmoja, mfuko wa barua za mji na sanduku lake la kazi, akapokea mfuko wa Mtondooni, akauvunja lakiri papo hapo juu ya maji. Ndani mlikuwa na jibu la Liwali pamoja na kikapu cha tende. Liwali alifurahi mno kusikia kwamba ndugu zake wa Mtondooni wako katika hali njema. Kuhusu lile jambo dogo la bara, alikuwa tayari kusaidia kwa lolote, ila mchukuzi hakufika. Alimngojea barazani siku nyingi, akatuma watu mpaka forodhani kumwulizia, na sasa alikuwa na wasiwasi kwamba labda kijana wa watu amepatwa na maradhi njiani.

Saburi aliisoma barua hiyo mara mbili, na aibu ikampanda mwili mzima. Mchukuzi alikuwa gunia la posta. Kwa miaka yote ya posta alikuwa amepeleka barua za watu bila mtu wa kuzisindikiza, na mkono wake ukaendelea kuandika kama baba yake alivyoandika. Wala hakuna aliyekuwa amegundua, kwa kuwa mpaka siku ile mji haukuwahi kuwa na jambo zito hivyo.

Juu yake alisimama sarahangi wa meli, Nuradini, mkuu wa mabaharia, mtu wa Bara Hindi aliyekisema Kiswahili cha bandarini. Saburi akamwomba ngazi. Nuradini akatikisa kichwa. Amri ya kampuni ilikuwa kwamba katika bandari yenye vita meli haipakii abiria, hata mmoja, isipokuwa vitu vya posta. Kapteni alikuja kuegemea ubao akamwambia hivyohivyo kwa lugha yake.

Saburi alilifungua sanduku lake la kazi, akatoa stempu, akazilamba, akazibandika kifuani pa kanzu yake safu mbili. Akauchovya muhuri katika wino na kujigonga kifuani kwa nguvu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Mwambie Kapteni," alisema, "mimi si abiria. Mimi ni barua ya Funguni."

Nuradini akatafsiri. Kapteni akasema neno.

"Anauliza kama umejipima uzito," alisema Nuradini.

"Mwambie nina njaa ya mwezi mzima. Stempu zimezidi."

Kapteni akacheka, na ngazi ikashushwa. Mashua ikarudi na mpiga makasia aliyebaki, akiwa na tende na ujumbe kwa Jumbe kwamba lango la kaskazini lishikwe kwa vyovyote.

Huko Funguni Saburi aliingia barazani kwa Liwali na stempu zake kifuani. Wakubwa wa mji walikuwa wameketi juu ya mazulia, kahawa ikipita. Liwali, mtu mwema, akanyanyuka kumpokea, akamshika mkono, akauliza kama anavyouliza kila mtu, "Habari za Mtondooni?"

Hapo ndipo Saburi alipoona ugumu wa safari yake. Tangu azaliwe hakuwahi kulijibu swali hilo ila kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa limeshafika mdomoni. Akalimeza.

"Mbaya," akasema. "Tunakufa."

Mzee mmoja aliweka kikombe chini na kutazama kando, kwa kumwonea aibu. Saburi akaendelea, bila salamu na bila sifa, akataja maji, baruti, lango, watoto waliokufa na majina yao. Alipomaliza, Liwali alikuwa ameshavaa upanga wake. Alasiri ileile majahazi mawili yaliyojaa askari yaling'oa nanga.

Walifika wakati lango la kaskazini limekwisha kuungua. Askari waliteremka majini wakafyatua bunduki kwa zamu, na Chingwalu, aliyekuwa na habari za magobori tu, akawaita watu wake akarudi bara. Mama yake Saburi walimkuta hai msikitini. Jumbe Mwinyikambi alikuwa amelala langoni na joho lake, upanga mkononi, pamoja na wanaume wengine waliolishika lango mpaka mwisho. Alikuwa amekufa asubuhi ya siku ileile.

Jumbe alikuwa na mtoto mmoja, binti aliyeitwa Mwana Hija, aliyeolewa ng'ambo, Ngazija. Wazee walimtaka Saburi amwandikie. Walitaka barua ya heshima, iseme kwamba baba yake ni mgonjwa kidogo na angependa kumwona, kama ilivyo desturi, ili pigo limfike polepole. Saburi aliketi posta mchana kutwa na karatasi mbele yake. Jioni akaandika mistari miwili. Baba yako amekufa vitani, akilinda lango. Hitima yake itasomwa siku ya arobaini, njoo.

Wazee walipoisikia walisema hiyo ndiyo barua mbaya kuliko zote zilizowahi kutoka Mtondooni. Saburi akaibandika stempu akaipeleka melini.

Mwana Hija alifika ikiwa imebaki siku moja hitima isomwe. Saburi alikwenda ufukweni kumpokea, akanyoosha mkono, na yule mama hakuupokea. Alisimama mchangani amejifunika buibui, macho yamevimba kwa kilio cha njia nzima.

"Barua yako haina adabu, Bwana Saburi," alisema.

"Ndiyo, Mwana Hija."

Akamtazama sana.

"Lakini nimewahi. Nipeleke kaburini," akasema.