Shada la Alizeti Mlangoni

Haya yalimpata rafiki yangu Mwanabaraka, mjane wa kule Mwankoko, mwaka juzi baada ya mavuno. Binti yake alikuwa ameolewa mbali, akabaki peke yake na nyumba nzima. Siku hiyo alikusanya vichwa vikavu vya alizeti na masuke ya mtama, akavifunga kwenye duara la fito mpaka likatoka shada zuri, akalitundika kwenye mlango wa mbele.

"Una ugeni, mama?" jirani alimuuliza akipita.

"Sina. Nataka tu anayepita ajue humu wanaishi watu."

Magharibi umeme ukakatika. Akiwa amekaa sebuleni gizani, alisikia shada likichakarika, kama mtu analipapasa kwa vidole, suke baada ya suke. Upepo haukuwepo. Alijikuta akifurahi kwamba kuna mtu amekuja.

"Karibu!" akaita.

Akafungua, akamulika kwa simu. Kibarazani hapakuwa na mtu, na shada lilikuwa limetulia. Akarudi ndani, akasukuma komeo, akasimama akisikiliza pumzi zake mwenyewe.

Ndipo kutoka chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, sauti ya upole ya mwanamke ikasema, "Hodi."