Jina la Breki Kwenye Bima ya Mwalimu

"Usijitikise. Bega liguse ubao. Hivyo hivyo."

"Mama Pacha, naomba unisikilize kidogo."

"Nakupiga picha, Mwalimu. Kusikilizana baadaye. Vuta pumzi, ishikilie."

Akaishikilia. Nikaenda nyuma ya kioo nikabonyeza. Mtulinga wake wa kushoto, mfupa wa juu ya kifua, ulionekana umekatika katikati, wazi kabisa. Miaka tisa nafanya kazi chumba cha eksirei na picha hainishindi. Siku ile picha ya kwanza niliiharibu, hii ilikuwa ya pili.

"Umevunjika?"

"Umevunjika. Wiki sita utakuwa umeunga."

"Wa bima wamenipigia nikiwa kwenye foleni hapo nje. Wanauliza nani alikuwa anaendesha."

"Umewaambiaje?"

"Nimesema nitawapigia."

Nikafunga mlango vizuri. "Sema ni kaka yangu, Breki."

"Breki saa nne asubuhi alikuwa uwanjani na wanafunzi wake ishirini wa udereva, filimbi mdomoni. Nimtoe wapi nimpandishe kwenye pikipiki yangu?"

"Basi sema hukumbuki. Sema uligonga kichwa."

Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu la jirani pamoja na makosa yake.

"Sikugonga kichwa, Mama Pacha. Niligonga gari la mikate."

Msinihukumu bado. Mahali pa kunihukumu mtafika.

Mwalimu anafundisha hesabu sekondari. Ana miaka arobaini na mbili, mpole, hana makuu. Mabinti zangu pacha wanampenda kwa sababu hawakemei wakikosea, anawauliza tu, "Ulifikaje hapo?" Baba yao hakuwahi kuwauliza chochote, hata alipokuwa anafunga begi aondoke. Kwa hiyo Mwalimu aliponiambia kwamba tangu utotoni anatamani pikipiki ya mbio, ile ya cc 1000 ambayo mtu anailalia kifudifudi, nilicheka kwanza, halafu nikasema twende tukaione.

Muuzaji alikuwa mfamasia. Nilimpigia kabla hatujatoka nyumbani nikamwambia asiiwashe mpaka tufike, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wake. Nikaishika, ya baridi. Nikapiga magoti na tochi, nikalinganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, moja moja.

"Shemeji, wewe ni trafiki?" akauliza mfamasia.

"Mimi ni wa eksirei. Ya nje hayanihusu."

Mwalimu alicheka mpaka akajishika tumbo. Alipoiwasha, madirisha ya jirani yakatetemeka, na uso wake ukawa wa mtoto wa darasa la pili. Nikajua siwezi kumkatalia. Nikampa sharti moja tu.

"Hii hupandi bila bima kubwa. Nina watoto wawili wanaokungoja jioni."

Wakala wa bima akaiangalia leseni yake. Daraja la pikipiki kubwa alikuwa nalo kwa miezi mitano tu.

"Kwa injini hii, bima kubwa tunampa mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Chukua bima ndogo, mwalimu. Ukimgonga mtu tunamlipa yeye, yako unatengeneza mwenyewe. Mwakani tutaongea."

"Sawa, nipe ndogo," akasema Mwalimu.

"Sawa nini?" nikadakia. "Tupe fomu, tukaijaze nyumbani."

Sasa eleweni kitu kimoja. Kwetu mimi ndiye mjaza fomu. Tangu nitoke chuo na stashahada yangu, fomu ya pensheni ya baba ni mimi, maombi ya kazi ya kaka yangu ni mimi, ya benki ni mimi. Kaka yangu ni mwalimu wa shule ya udereva, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Breki. Leseni yake ya miaka kumi na miwili ilikuwa kwenye simu yangu. Sahihi yake naiweka haraka kuliko yeye.

Penye "mwendeshaji mkuu" nikaandika jina lake. Nikasaini.

"Breki anajua?" akauliza Mwalimu.

"Nitamwambia."

"Mama Pacha, hii siipendi. Ile ndogo inanitosha."

"Acha woga. Kila mtu anafanya hivi. Unataka nikae roho juu kila ukichelewa?"

Akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu ananipenda, na mimi nikahesabu kwamba amekubali.

Breki sikumwambia. Wiki ya tano, kwenye mzunguko wa barabara karibu na shule, Mwalimu akapita juu ya mchanga uliomwagika, akaongeza mafuta kidogo tu, pikipiki ikamkimbia chini ya miguu na kwenda kujipigiza kwenye mlango wa gari la mikate lililoegeshwa. Na Jumamosi ya wiki ile ile ndiyo alikuwa anakuja nyumbani kwa baba kuniposa.

Nikamwomba aahirishe. Akasema, "Nimevunjika bega. Mdomo ninao."

Alikuja na shangazi yake aliyemlea, fundi cherehani wa sare za shule. Mkono umening'inizwa kwa kitambaa, shati limepigwa pasi upande mmoja, tai shingoni. Baba akafurahi kumwona. Baba alikuwa karani wa mahakama, amestaafu, na mtu anayekaa wima kitini anamwelewa haraka.

"Pole na ajali, Mwalimu."

"Asante, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa pacha wangu wanakutii kuliko wanavyonitii mimi."

"Hawanitii, mzee. Tunajadiliana."

Baba akacheka. Shangazi akacheka. Nikainuka kuleta maji, na ndani ya kifua changu nikasema, imekwisha, tumevuka.

Nikiwa narudi na sinia, Breki akaingia bila kuvua viatu.

"Nani aliandika jina langu kwenye bima ya pikipiki?"

"Salimia wageni," baba akasema.

"Baba, mkaguzi wa bima amempigia mkuu wangu wa shule! Nimeulizwa nimeangushaje pikipiki ambayo sijawahi kuikalia. Nimesimamishwa kazi tangu jana. Mwalimu wa udereva mwenye ajali na fomu ya uongo, nani atanipa mwanafunzi?" Akamgeukia Mwalimu. "Shemeji, nakuuliza kwa heshima. Nani aliweka sahihi yangu?"

Mwalimu akageuza shingo. Alinitazama mimi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la glasi. Ilikuwa nafasi yangu. Neno moja tu, "mimi", na herufi zake nne. Nikamwangalia baba, aliyekaa miaka thelathini na sahihi za watu mezani kwake, aliyeniamini na pensheni yake. Nikainamisha macho kwenye glasi kana kwamba kuna mdudu ndani.

"Ni mimi," akasema Mwalimu.

"Wewe?"

"Pikipiki ni yangu, bima ni yangu. Nisamehe, Breki. Niko tayari kuja kazini kwako kusema."

"Nisamehe? Nisamehe ndiyo nitapikia watoto? Tapeli mkubwa! Na tai umevaa!"

Baba akainua mkono kumkatisha Breki.

"Mwalimu, wewe unafundisha watoto wa watu?"

"Ndiyo, mzee."

"Unawafundisha kitu gani?"

Mwalimu akashusha macho kwenye kitambaa cha mkono.

"Naomba utoke kwangu kabla sijatamka jambo nitakaloshindwa kulirudisha."

Wakainuka. Aliyemshika Mwalimu mkono mzima kushuka ngazi ni shangazi yake, si mimi. Mimi nilikuwa bado na sinia. Shangazi akapita karibu yangu, akasimama, akaongea taratibu ili wa ndani wasisikie.

"Mwanangu, huyu hajawahi kujaza fomu maishani mwake. Mpaka ya kazi nilimjazia mimi. Nilifikiri nimepata wa kunipokea."

Akaenda zake.

Nimewahi kuachwa, jamani, nikiwa nimeshika watoto wawili, kulia na kushoto. Watu walinicheka na sikuona aibu, kwa sababu aibu haikuwa yangu. Hii ilikuwa yangu. Nilikuwa naosha vyombo nasikia masikio yanawaka. Pacha wakauliza, "Mama, Anko Mwalimu amefanya nini?" Nikawafokea wakafanye kazi za shule.

Jumapili asubuhi nikamwandikia.

"Bega linauma?"

"Linauma."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Dakika kumi nzima nikaangalia neno "anaandika" linatokea na kupotea.

"Nilijua ukiusikia uongo huo hutauacha upite. Nikangoja. Nimengoja mpaka getini."

Nikaweka simu kifudifudi mezani. Nilitamani aniandikie matusi.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisi ya bima. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imekaa puani. Akatandaza ile fomu mbele yangu.

"Wewe ni nani katika habari hii?"

"Mimi ndiye niliyeisaini. Jina ni la kaka yangu."

Akavua miwani. "Mwenye bima amekuja saa mbili, amesema ni yeye."

"Anadanganya. Nipe karatasi."

Akanipa. Nikaiweka sahihi ya Breki mara tatu. Akazilinganisha, akatikisa kichwa.

"Hata kaka yako alipokuja kusaini hapa, sahihi yake haikufanana na ya kwenye leseni yake kama inavyofanana hii yako. Unajua, dada, ile bima ndogo mngekata kwa ukweli, leo mwenye mikate angeshalipwa mlango wake?"

"Najua."

"Sasa hatulipi mlango, hatulipi pikipiki, na bima yenyewe inafutwa. Barua ya kumsafisha kaka yako utaipata leo. Na jina lako litakaa kwenye faili letu. Siku ukija kukata bima ya chochote, tutaliona."

"Liandike lilivyo. Usikosee herufi."

Nilitoka na barua. Nikapita kwa baba, nikamkuta Breki hapo, amekaa kama mgonjwa.

"Vaeni viatu. Tunakwenda kwa shangazi yake Mwalimu."

"Kwa yule tapeli?" Breki akaruka.

"Vaa viatu, Breki."

Tangu avunjike Mwalimu alikuwa anakaa kwa shangazi yake. Tukamkuta amezungukwa na sare za bluu, anasahihisha madaftari kwa mkono mmoja. Alipomwona baba akasimama. Shangazi akazima cherehani.

Sikukaa. Ningekaa ningenyamaza tena.

"Baba, fomu niliijaza mimi. Wakala alisema bima ndogo, Mwalimu akakubali, mimi nikakataa. Jina la Breki niliandika mimi, sahihi niliweka mimi, na Breki sikumwambia kwa sababu nilijua angekataa. Jumamosi nilikuwa nimesimama pale na sinia, nikamwacha mtu aliyevunjika bega abebe uongo wangu mbele ya shangazi yake. Barua hii hapa."

Breki akaisoma. Akaisoma tena.

"Dada. Wewe?"

"Mimi."

"Nimemtukana mtu mzima mbele ya mzazi wake. Mpaka tai yake nimeitukana!"

"Tai ilistahili," akasema Mwalimu, na hakuna aliyecheka ila Breki, tena kwa kulia.

Baba hakunisemesha. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Alinipita kama kiti, akaenda kwa Mwalimu, akampa mkono.

"Nilikufukuza kwangu."

"Hukujua, mzee."

"Karani anauliza kwanza. Mimi sikuuliza. Nisamehe." Ndipo akanigeukia. "Na wewe, fomu zangu utanirudishia. Zote. Nitajifunza kujaza mwenyewe."

"Ndiyo, baba."

Machozi yakanitoka. Mwalimu akasogea, lakini hakunigusa.

"Ulifikaje hapo, Mama Pacha?"

"Niliogopa. Niliogopa ufe, ndiyo nikaandika. Halafu nikaogopa baba anidharau, ndiyo nikanyamaza. Mlango wa gari la mikate nusu nalipa mimi, na pikipiki ukiiuza au usiiuze ni wewe. Sikuja kukuomba unioe. Nimekuja kusema."

"Mimi nilishasamehe fomu. Sinia ndilo limenishinda."

"Nifanye nini?"

"Tulikuwa wanne sebuleni siku ile na hakuna aliyesikia sauti yako. Nikija tena kwa mzee, sitaongea mimi. Utaongea wewe. Mbele yao wote utasema unanitaka au hunitaki, na utasema unanitazama."

"Jumamosi?"

"Siku utakayoweza."

Nikamwangalia baba, bado amekunja uso. Nikamwangalia Breki na barua yake. Shangazi alikuwa ameshika sketi ya shule isiyo na zipu, hapumui. Mwili mzima uliniwaka kwa aibu, kuanzia shingoni. Safari hii sikuinamisha macho.

"Baba," nikasema, nikimtazama Mwalimu, "huyu namtaka."

"Ongeza sauti," akasema shangazi. "Mimi cherehani imenila masikio."

"Namtaka, shangazi! Na kama hanitaki, aseme hapa hapa."

Mwalimu akaweka kalamu chini, akaninyooshea ule mkono mzima.